Muulize Bibi Mwalimu: Mwanangu anaitwa Mrundi njia nzima

Barua za uonevu shuleni zimekuwa nyingi tangu shule zifunguliwe, kwa hiyo safari hii nimeweka kando maswali mengine yote. Mambo machache nimeyabadilisha ili watoto wenyewe wasitambulike. Kwa msomaji mgeni: nilifundisha shule za msingi Ujiji na Kasulu, hapa mkoani Kigoma, mpaka nikastaafu, na kwa muda mrefu nilikuwa mwalimu wa malezi. Watoto hawa nawajua.

*Shikamoo Bibi Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naanika dagaa Kibirizi. Kijana wangu wa Darasa la Nne alilelewa na bibi yake Manyovu, Januari nikamleta mjini asome huku. Kiswahili chake kina lafudhi ya Kiha. Wenzake wanamwita Mrundi, wanamwambia arudi kwao, wanaziba pua eti ananuka dagaa. Wawili wanamngoja njiani wanamnyang'anya hela ya maandazi. Siku hizi kila Jumatatu asubuhi tumbo linamuuma. Baba yake anasema ampige mmoja wao, wataacha. Mwalimu naye kasema ni utani wa watoto. Nifanyeje?*
— Mama wa watatu, Kibirizi

Marahaba mwanangu. Pole, na mpe pole kijana.

Mpeleke kwanza zahanati, apimwe malaria na minyoo, ili usije ukapuuza ugonjwa. Lakini tumbo linalouma Jumatatu na kupona Ijumaa jioni ni tumbo la hofu, na maumivu yake ni ya kweli. Usimwambie anajifanya. Mtoto akishaona mama yake hamwamini, hatasema tena, na hapo ndipo mambo yanapoharibika kimya kimya: anaanza kupita njia ya mbali, anarudi na njaa, daftari limechanika, analia usiku, wengine wanaanza kukojoa kitandani wakati walishaacha.

Sasa hilo la utani. Sisi watu wa huku tunajua utani ni nini. Mtani wako anakutania nawe unamrudishia, mnacheka wote wawili, na siku ya msiba wako yeye ndiye anafika mapema kukusaidia. Mwanao hawezi kurudisha neno, hacheki, na anaporwa. Mambo matatu ndiyo ninayotazama: jambo linarudiwa, linakusudiwa kuumiza, na anayeumizwa hana nguvu sawa na wanaomuumiza. Yakikutana hayo matatu, huo ni uonevu. Mwambie mwalimu hivyo hivyo, kwa upole, bila kumgombeza.

Baba yake ana uchungu wa mzazi, ninauelewa, lakini ushauri wake nisingeufuata. Mtoto yuko peke yake, wao wawili. Akirusha ngumi atapigwa zaidi, au mwalimu wa zamu atatokea wakati ngumi yake ndiyo ya mwisho, aadhibiwe yeye kwa ugomvi. Mfundisheni kitu kingine, na mkifanyie mazoezi nyumbani jioni, baba akijifanya ndiye yule mbabe. Asimame wima, aseme kwa sauti kubwa, "Acha! Sitaki!", kisha aondoke kuelekea walipo watu wazima, dukani au kwa mama muuza mihogo, si kukimbilia vichochoroni. Na kwa wiki chache hizi mpe maandazi badala ya hela. Hilo ni la muda tu. Mwanao si wa kubadilisha maisha yake yote kwa sababu ya makosa ya wengine.

Nunua daftari dogo. Kila tukio andika tarehe, mahali, kilichofanyika, na nani walikuwepo. Hao waliokuwepo usiwasahau, nitawarudia chini kwenye barua ya mwalimu wa Kasulu. Ukishakuwa na matukio kadhaa, mwone mwalimu wa darasa saa ambayo hana kipindi, siyo getini asubuhi watoto wakiwa wanaingia. Usiende kwa wazazi wa wale wawili peke yako. Nimeshuhudia Ujiji majirani wa miaka mingi wakikosana kabisa kwa njia hiyo, huku watoto wao wakiendelea vile vile.

Mwombe mwalimu vitu unavyoweza kuvishika: mwanao akae karibu na watoto wawili wapole wanaokaa mtaa wenu, arudi nao nyumbani; mwalimu wa zamu ajue ni pembe gani ya uwanja na kona gani ya njia; wale wawili waitwe mmoja mmoja, kila mmoja peke yake, na wazazi wao waje. Na mwambie nimesema: asiwasimamishe mbele ya darasa akasema, "Haya, peaneni mikono, yaishe." Kupeana mikono kunafaa watu waliogombana. Hapa hakuna ugomvi, kuna mmoja anayeumia. Akilazimishwa kushika mkono wa anayempora, atajifunza kuwa wakubwa nao wako upande wa mporaji.

Na viboko mstarini pia sivipendi. Kanuni za nchi zinaruhusu adhabu ya viboko kwa masharti: mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, visizidi 4, na viandikwe kwenye kitabu cha adhabu. Lakini mtoto aliyechapwa mbele ya shule nzima saa mbili, saa nane yuko njiani na hasira zake, na anajua nani aliyemshtaki.

Rudi kwa mwalimu baada ya wiki mbili hata kama kumetulia. Kama hakuna lililofanyika, nenda kwa mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule, kisha Afisa Elimu Kata. Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri naye ni wako, si lazima mtoto awe amevunjika mkono ndipo umwone. Na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure, wewe au yeye.

Nimebakiza la Mrundi, na hapa nataka usome taratibu. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, wanaozisema husikilizana bila mkalimani. Hao wanaomcheka mwanao kwa lafudhi, wengi babu zao walivuka Ziwa Tanganyika. Ujiji yetu hii imejengwa na Waha, Wamanyema, Wabembe, Wagoma na Warundi, ukiuliza nyumba kumi utasikia habari za Kongo na Burundi kabla chai haijaisha. Mwambie mwanao kwamba kujua Kiha na Kiswahili ni kujua lugha mbili. Tafadhali lakini, usimfundishe kujitetea kwa kusema, "Mimi si Mrundi!" kana kwamba kuwa Mrundi ni aibu. Mkoa huu una kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996, una watoto wengi waliozaliwa hapa na wazazi waliokimbia vita, na baadhi yao wanasikia neno hilo wakiwa wameketi dawati moja na mwanao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtoto kwa lugha yake, kabila lake, kutoka kijijini au mjini, hali ya kipato, au kuwa mkimbizi. Ukiisoma utadhani waliiandika kwa ajili ya kijana wako.

Kuhusu harufu ya dagaa: mfulie sare, iache mbali na vichanja, hilo ni usafi tu. Lakini mweleze mwanao bila kuona haya kwamba dagaa ndio wanaonunua daftari lake na kalamu yake, na kwamba hao wanaoziba pua usiku wanawala kwa ugali.

*Bibi Mwalimu, mimi ni dereva wa bodaboda Gungu. Nimeitwa shule, nikaambiwa binti yangu wa Darasa la Sita ndiye kiongozi wa kundi linalomtenga msichana mwenzao. Hawampigi. Wanawakataza wengine wasicheze naye rede, wasikae naye wakati wa uji, na wamemtungia jina kwa sababu mguu wake mmoja una ulemavu. Nimeona aibu sana. Nyumbani ni mtoto mzuri, anasaidia mama yake. Nimchape?*
— Baba wa Gungu

Ahsante kwa kuandika baba. Nakwambia wazi, barua za wazazi wa wanaoonea huwa hazinifikii, kila mtu anaandika mwanawe akiumizwa. Kwa hiyo yako nimeithamini sana.

Usimchape. Mtoto anayetumia nguvu zake kwa mnyonge ukimtumia nguvu zako yeye akiwa mnyonge, umemthibitishia anachokiamini. Lakini pia usilainishe. Usiseme, "Ni mambo ya wasichana." Kutengwa kunaumiza sawasawa na ngumi, tena kwa mtoto wa umri huo, ambaye wenzake ndio dunia yake. Mwenye ulemavu wa mguu anayekaa peke yake kila siku wakati wa uji anaweza kuacha shule. Nimewaona walioacha.

Mkalishe jioni, simu umeizima, mama yake awepo. Usianze na "Kwa nini?", maana atakujibu, "Sijui," au "Hata yeye." Mwambie unachokijua: "Mwalimu kanieleza haya na haya. Nataka unihadithie wewe siku ya rede ilikuwaje." Kisha nyamaza. Baba wengi hawawezi kunyamaza hapo, jitahidi. Ukishasikia, muulize yule msichana alikwenda kukaa wapi walipomfukuza. Alikula na nani. Alirudi nyumbani na nani. Msukume ataje mahali hasa. Mtoto anayeweza kuiona sura ya mwenzake akiwa amekaa chini ya mwembe peke yake ameshaanza kubadilika, hata kama analia kwa kukasirishwa.

Baadaye jiangalieni wenyewe kama nyumba. Je, kuna mtu kwenu mnayemwita kwa kilema chake? Mitaani kwetu kuna kina Kiguru, kina Kengeza, kina Bubu, watu wazima tunawaita hivyo mchana kweupe na wanaitika kwa sababu wamechoka kukataa. Mtoto analibeba neno hilo shuleni kama alivyolipokea. Kama hapo kijiweni kwenu cha bodaboda mna mwenzenu mnayemwita hivyo, anzeni leo kumwita jina alilopewa na mama yake, na binti yako akusikie.

Adhabu iwepo, ila iwe ya kurekebisha. Yeye ndiye aliyewakataza wengine, basi yeye ndiye arudi kwa hao hao akawaambie alikosea na kwamba mchezo uko wazi kwa wote. Hilo ni gumu kuliko fimbo, utaliona usoni mwake. Rede ina kazi nyingi: kuna wa kurusha mpira, kuna wa kuhesabu. Msichana yule aulizwe mwenyewe anataka nafasi gani, asipangiwe. Kuomba msamaha kufanyike ikiwa yule msichana yuko tayari kusikia, mwalimu akiwepo, kwa faragha. Kama hataki kusikia, ni haki yake, na binti yako akubali.

Na mpe nafasi ya kuongoza jambo jema, maana mtoto anayeweza kuwafanya wenzake kumi wamsikilize ana kipawa. Mwalimu amkabidhi bustani ya darasa au mazoezi ya ngonjera. Fuatilia kila wiki mpaka muhula uishe.

*Bibi, kuna video ya mdogo wangu akizomewa na kumwagiwa maji choo cha shule. Imesambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa wetu hapa Mwanga. Watu wanaweka vicheko.*
— Dada mtu

Usiisambaze hata kwa nia ya kulaani. Hifadhi nakala moja na picha za skrini zinazoonyesha namba na saa, mwombe msimamizi wa kila kundi aifute, kisha nenda na mzazi Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na shuleni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu pia unyanyasaji wa namna hii. Wanaoweka vicheko ni watu wazima, wana watoto. Waandikie mmoja mmoja kwamba huyo ni mdogo wako. Mdogo wako mwenyewe asibaki peke yake siku hizi, na asilazimishwe kuitazama.

*Mwalimu mwenzangu, nafundisha shule ya msingi wilaya ya Kasulu, darasa lina watoto zaidi ya mia. Nikiwa sipo, kiranja anaandika majina ya wapiga kelele. Nimegundua anatoza hela au karanga ili afute jina, na wasiotoa wanaandikwa hata wakikaa kimya. Nimemvua ukiranja. Lakini nahisi tatizo ni kubwa kuliko yeye. Nikiwauliza darasani, wote kimya.*
— Mwalimu, Kasulu

Umeona sawasawa mwalimu, tatizo ni kubwa kuliko yeye. Ile orodha ndiyo iliyompa soko. Tumempa mtoto wa miaka 12 mamlaka ya kuamua nani achapwe, hakuna anayemkagua, tukashangaa kwamba ameyauza. Ushauri wangu ni kuifuta orodha yenyewe. Ukitoka darasani acha kazi ubaoni, makundi ya watoto wanane wanane, na kiranja wa zamu abadilike kila wiki. Kazi ya kiranja iwe kugawa madaftari na kukuita kukiwa na hatari. Kuandika majina ya wenzake, hapana.

Kuhusu ukimya wao: usiwaulize mbele ya wote. Nani ataongea, na watarudi njia moja? Mimi nilikuwa nawapa kila mmoja kipande cha karatasi, wachore shule yetu kutoka juu: madarasa, vyoo, bomba la maji, uwanja, njia ya kwenda nyumbani. Kisha waweke alama ya X mahali wasipopenda kupita peke yao. Hakuna jina, hakuna shtaka. Ukikusanya karatasi mia utaona alama zimerundikana sehemu moja au mbili, mara nyingi nyuma ya vyoo na kwenye foleni ya maji. Hapo ndipo mwalimu wa zamu anatakiwa asimame wakati wa mapumziko, badala ya kukaa kivulini mbele ya ofisi. Hata mtoto wa Darasa la Kwanza asiyejua kuandika anaweza kuweka X.

Sasa nije kwa wale waliokuwepo, niliomwambia mama wa Kibirizi awaandike. Watafiti wa Kanada, Debra Pepler akiwa mmoja wao, waliwarekodi watoto kwa kamera kwenye viwanja vya shule za msingi mjini Toronto. Karibu mara tisa kati ya kumi, uonevu ulipotokea, kulikuwa na watoto wengine wanaotazama. Waliojaribu kuzuia walikuwa wachache. Lakini mtoto mmoja alipoingilia, zaidi ya nusu ya matukio hayo yalikoma ndani ya sekunde 10. Toronto si Kasulu, lakini nikikumbuka viwanja nilivyosimama zamu, naamini kila neno. Mbabe anatafuta watazamaji. Wakigeuza mgongo, mchezo wake hauna thamani. Finland wamejenga mpango wao wa shule, unaoitwa KiVa, ulioanzia Chuo Kikuu cha Turku, juu ya jambo hilo hilo: kuwafundisha wale walio pembeni.

Kwa hiyo katika darasa lako la mia, usipoteze nguvu zako zote kwa mbabe mmoja na mwonewa mmoja. Una watoto tisini na zaidi waliosimama kati. Wafundishe kazi ndogo ndogo ambazo hata mwoga anaziweza: kutocheka, kumwita anayeonewa kwa jina, "Njoo huku, mwalimu anakuita," akaondoka naye, kwenda wawili kumwita mtu mzima, na baadaye kukaa naye, kumuuliza kama yuko salama. Fanyeni igizo kipindi cha michezo, kila mtoto apite kwenye nafasi zote. Watachekacheka mwanzoni, waache. Na tofautisha nao mapema: kusema ili mwenzako aadhibiwe kwa kosa dogo ni umbea, kusema ili mwenzako asiumizwe ni kumwokoa. Watoto wetu wamelelewa kuogopa kuitwa wambea, na ukimya huo ndio uliokukabili.

Mwulize pia mwalimu mkuu kama shule yenu imeunda Dawati la Ulinzi na Usalama wa Mtoto. Serikali ilitoa mwongozo wake, na shule nyingi wanalo kwenye karatasi tu. Wanaosimamia dawati wawe walimu ambao watoto wenyewe wamewachagua kwa kura ya siri. Mtashangaa nani atapata kura.

Yule kiranja uliyemvua, usimwache hivi hivi. Mwite, muulize hela zilikuwa zinakwenda wapi. Huenda kuna kaka wa Darasa la Saba anayezipokea.

*Shikamoo bibi. Niko Kidato cha Kwanza, shule ya bweni hapa mkoani kwetu. Sisi njuka tunafuliwa... samahani, tunafulishwa nguo za kaka wa Kidato cha Nne, tunawatekea maji, na usiku wanatuamsha tuimbe tukiwa tumepiga magoti. Aliyekataa walimficha godoro akalala kwenye chuma. Wanasema kila mtu alipitia. Nikisema watanijua. Bado miaka mitatu na zaidi.*
— Mjukuu wako

Marahaba mjukuu wangu. Umefanya jambo la kiume kuandika, na hakuna atakayejua ni wewe. Nimeficha hata wilaya.

Kwamba wao walipitia hakukufanyi wewe udaiwe. Kazi za shule kama kufagia na kuchota maji ya jikoni ni zako kwa zamu. Kufua nguo za mwanafunzi mwenzako si kazi ya shule, na kuamshwa usiku ni marufuku popote.

Usiende kusema peke yako. Zungumza na njuka wawili watatu unaowaamini, mwandike barua moja bila majina: bweni gani, saa ngapi, wanafanya nini. Iwekeni kwenye sanduku la maoni au mpelekeeni mwalimu ambaye mmemwona akiwasikiliza watoto, awe patroni au asiwe. Ombeni kitu kimoja mahsusi: mwalimu apite bwenini usiku bila kutangaza. Mwalimu akiyaona mwenyewe kwa macho yake, hapatakuwa na aliyeshtaki. Mzazi wako mwambie siku ya kutembelewa, au omba simu ya ofisini kwa sababu nyingine yoyote.

Na kama kuna anayekugusa sehemu za siri, au anayekutishia kukuumiza, hilo halisubiri barua wala siku ya kutembelewa. Usiku huo huo nenda kwa mwalimu anayeishi karibu, na mwenzako mmoja, mgonge mlango mpaka ufunguliwe. Namba ni 116, haihitaji salio. Ukiipiga, taja jina la shule na bweni kwanza, mengine yatafuata.